Kapu la Kigoma: kifurushi cha zawadi kilichonifaa na kilichonipunja

Anayesafiri kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam huulizwa dagaa kabla hajaulizwa habari za njiani, na ndiyo maana miaka ya karibuni wafanyabiashara wa mjini hapa wameanza kuuza zawadi hizo zikiwa zimekwisha kukusanywa, kupimwa, kufungwa na kupelekwa mpaka stesheni au stendi ya mabasi. Nimenunua kifurushi cha namna hiyo mara mbili katika duka moja lililo upande wa Mwanga. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mara ya kwanza niliondoka na malalamiko.

Duka hilo lina vifurushi vitatu, nami nilichukua cha kati kwa shilingi 90,000. Ndani yake niliahidiwa kilo mbili za dagaa, lita tatu za mawese, migebuka sita wa kukausha (samaki wa Ziwa Tanganyika), nusu lita ya asali, robo kilo ya kahawa ya Kalinzi na pakiti moja ya chumvi ya Uvinza. Bei hiyo ilijumuisha ufungaji na usafiri wa bodaboda hadi stesheni.

Kwa kuwa nilikuwa na siku moja kabla ya treni, nilipita sokoni kuulizia kila kitu peke yake. Dagaa wazuri walikuwa shilingi 24,000 kwa kilo, mawese 5,000 kwa lita, migebuka sita 10,000, na asali, kahawa na chumvi kwa pamoja 10,000, jumla shilingi 83,000. Hata hivyo, mtu anayenunua kimoja kimoja hulazimika kutafuta dumu, katoni, ndoo na kamba, kisha alipe bodaboda, na kwa hesabu yangu hayo yangenigharimu kama shilingi 10,000 nyingine. Kwa hiyo kifurushi kilikuwa na nafuu ya shilingi 3,000, ukiacha nusu siku ya kuzunguka juani ambayo kila mtu anajua mwenyewe ana thamani gani kwake.

Sehemu ninayoisifu bila kusita ni ufungaji wa mawese. Mafuta haya huganda yakipata baridi na kuyeyuka yakipata joto, na reli ya kutoka hapa hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo dumu lisilokazwa vizuri litavuja mahali fulani na kugeuza nguo zako rangi ya kutu, doa lisilosikia sabuni. Duka hili hulikaza dumu kwa utepe, hulisimamisha ndani ya ndoo yenye mfuniko, kisha hujaza nafasi iliyobaki kwa karatasi nene. Mawese yangu yalifika Dar es Salaam bila kupungua hata tone. Ningekuwa nimeuziwa huduma hiyo peke yake, ningeilipia.

Dagaa ndio walionipunja. Kwa sura walikuwa safi, weupe wa fedha, wamekaushwa juu ya chanja na si juu ya mchanga, jambo ambalo mlaji hulitambua kwa tonge la kwanza. Lakini nilipowapima kwa dada yangu kule Dar es Salaam, mizani ilisoma kilo moja na gramu 700. Gramu 300 kwa bei ya sokoni ni shilingi 7,200, kwa hiyo ile nafuu ya 3,000 ilikuwa imegeuka hasara ya 4,200. Tumezoea kulalamikia lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, inayomuumiza mkulima, lakini upungufu huu nao ni ndugu yake, ila unamuumiza mnunuzi. Kapu lenyewe halikuwa na maandishi ya uzito wa kitu chochote, ingawa Wakala wa Vipimo hutaka bidhaa iliyofungashwa ionyeshe kiasi chake. Bidhaa zikishafungwa pamoja chini ya bei moja, mnunuzi hupoteza nafasi ya kuona kila moja inasimamia shilingi ngapi, na upungufu hupata pa kujificha.

Migebuka nao walikuwa wamewekwa chini kabisa, wawili wakavunjika vichwa. Nilipoomba kabla ya safari nibadilishiwe kahawa, ambayo nyumbani kwa dada hainywewi, nipewe asali zaidi, kijana wa kaunta alinijibu, “Mama, kapu limeshapangwa, haliguswi.” Nilishuku kwamba kahawa imo kwa sababu haitoki haraka rafuni, na bado nashuku hivyo.

Mara ya pili nilikwenda mwezi Julai, wakati Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi, utaratibu ulioanza mwaka 2024 wa kupumzisha ziwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Dagaa wote wa kipindi hicho ni wa akiba, na bei sokoni ilikuwa imepanda, ilhali kifurushi kilikuwa bado shilingi 90,000. Nilimwambia yule yule kijana, “Mwanangu, fungua nione, halafu pima mbele yangu.” Alisita, akamtazama mwenye duka, naye akaitikia kwa kichwa. Dagaa walikuwa na rangi ya manjano kidogo kuliko wale wa kwanza lakini hawakuwa na harufu ya ukungu, na walipungua gramu 150, ambazo ziliongezwa papo hapo bila mabishano. Hata kahawa niliruhusiwa kuibadilisha.

Kifurushi kidogo, ambacho hakina mawese, sikipendekezi kwa yeyote, kwa sababu huduma inayostahili kulipiwa ndiyo iliyoondolewa humo. Dagaa na chumvi mtu anaweza kujifungia mwenyewe kwenye kiroba. Kile kikubwa sijakinunua. Cha kati nitakinunua tena Desemba, nikiwa na mizani yangu ndogo ya mkononi ndani ya pochi.