Kirikuu ibaki au nivuke kwenye kenta? Mpangilio wangu kwa wabeba mizigo wa Mtwara na Lindi

Kila ifikapo Septemba, korosho zikianza kudondoka, swali ni lile lile vijiweni kuanzia Mikindani mpaka Masasi: niuze kirikuu, kigari changu cha mizigo, nichukue gari kubwa kama kenta, lori dogo la tani mbili? Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, tena kwa watu ninaowapenda, na wawili kati yao walikuwa wameshauza kabla hatujamaliza kuongea. Mmoja leo anaendesha gari la mtu. Ndiyo maana nimekaa kuliandika.

Nimebeba mizigo kwa kirikuu miaka saba: saruji, mabati, salfa ya kupulizia mikorosho, maji, samaki, na korosho kutoka mashambani kwenda ghala la chama. Ninayemwandikia ni mtu wa aina yangu, mwenye kirikuu moja inayomlisha na akiba kidogo, anayejiuliza avuke au abaki. Mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi au tenda ya kudumu ana hesabu nyingine.

Kabla ya kutazama gari lolote, chukua daftari uandike mizigo uliyobeba Februari na Machi. Achana kwanza na ya Novemba. Oktoba hadi Desemba kila mwenye tairi nne ana kazi huku kwetu. Minada inaendelea, maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yanafurika, mkulima anakupigia saa kumi na moja alfajiri. Msimu ukiisha mvua inashika, na simu inayoita ni ya mtu anayetaka mifuko sita ya saruji au anayehama chumba. Gari utakalonunua litakula mafuta na tairi miezi yote 12, na miezi tisa iliyo nje ya msimu ndiyo itakayoamua kama ulinunua vizuri.

Uzito wenyewe

Kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu yake Daihatsu Hijet, ni gari dogo la Kijapani la daraja lenye injini isiyozidi cc 660, na mzigo wake wa kiwandani ni kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80 hivi, kwa hiyo ni magunia manne. Najua hakuna anayepakia manne. Tunapakia saba, nane, tunafunga kamba, tunamwachia Mungu.

Juni moja nilipakia Masasi mifuko 28 ya salfa kupeleka Newala. Mfuko ni kilo 25, jumla 700, mara mbili kamili ya kilichoandikwa. Sehemu ya tambarare gari lilikwenda kana kwamba halina kitu. Tulipoanza kuupanda ukingo wa uwanda wa Makonde nikashuka gia ya pili, kisha ya kwanza, na harufu ikaingia kupitia chini ya kiti, harufu ya kandambili iliyotupwa motoni. Injini ya kirikuu ipo hapo hapo chini yako, inakuambia mambo mapema. Sikusikiliza. Fundi alipofungua alinionyesha pleti ya klachi kwenye kiganja: imelika mpaka ribiti zimeanza kukwaruza flaiwili. Akasema, "Mjomba, hii haijafa kwa uzee. Umelipa gari moja kazi ya magari mawili." Nilipoteza siku nne za msimu wa salfa, na mteja akatafuta mtu mwingine.

Wengi wakifika hapo huhitimisha kwamba dawa ni gari kubwa. Mimi pia nilihitimisha hivyo, nikaanza kutafuta kenta. Kilichonizuia ni hesabu ya mafuta.

Chukua safari ya Masasi hadi Mtwara kupitia Mingoyo, kilomita 200 hivi, yote lami. Kirikuu yangu ikiwa na mzigo wake halali inakwenda karibu kilomita 13 kwa lita, kwa hiyo lita 15. Kenta ya tani mbili niliyokuwa nakodi ilikuwa inakwenda kilomita sita kwa lita: lita 33. Ikijaa, kenta inashinda kwa mbali, kwa sababu kila lita imesogeza kilo 60 wakati kirikuu imesogeza 23. Lakini gawanya upande wa pili. Kwa lita zile 33 kirikuu ingebeba kilo 770. Maana yake, siku yoyote ambayo mzigo wako haufiki kilo 770, kenta inakula mafuta mengi kuliko kirikuu kwa kila kilo inayobeba. Kilo 770 ni mifuko 15 ya saruji. Rudi kwenye daftari la Februari uhesabu ni safari ngapi zilifika mifuko 15. Kwangu zilikuwa tatu.

Sasa mpangilio, kuanzia ninalolipendekeza zaidi.

La kwanza: baki na kirikuu, itengeneze, ukodi kenta msimu

Najua halimfurahishi mtu aliyekwisha kuota usukani mkubwa. Lakini kwa anayebeba chini ya kilo 500 siku nyingi za mwaka, hakuna linalolishinda. Pesa uliyotaka kuongezea kwenye kenta, toa sehemu ndogo uifufue kirikuu: klachi kamili na si pleti peke yake, rejeta isafishwe ndani na nje, bushi na shokapu zibadilishwe, tairi nne mpya za inchi 12 zenye nyuzi za kubebea mzigo. Ikiwa chesesi ni nzima, gari hilo lina miaka mingine mitano.

Usiongeze majani ya springi. Watu hufanya hivyo ili mkia usikae chini, na mkia kweli haukai, lakini breki, beringi na klachi ni zile zile za kilo 350. Umeondoa tu alama iliyokuwa ikikuonya.

Msimu ukifika, kodi kenta kwa siku zile ambazo mkulima ana magunia 20 na kuendelea, wewe ukiwa msimamizi wa mzigo. Mteja anabaki wako. Kirikuu yako inaendelea kuchota magunia manne manne kutoka mashamba ambayo kenta haifiki, chini ya mikorosho iliyoinamisha matawi, ambako bodi refu linakwama na kukata matawi ya watu.

Kama kirikuu unayoitafuta au unayotaka kubadilishana ni 4WD, yaani inayosukumwa na tairi zote nne, ithamini. Kipande cha Mnivata kwenda Newala hadi Masasi, kilomita 160, miaka yote niliyokipita kilikuwa vumbi na mchanga, na kwenye mchanga ule kirikuu nyepesi yenye 4WD, upepo umepunguzwa kidogo kwenye tairi, ilipita magari mazito yakiwa yamezama hadi ekseli.

Kuna na la kununua kirikuu ya pili. Watu hawalifikirii. Ukiwa na kijana unayemwamini, kirikuu mbili zinabeba mizigo miwili ya pande mbili kwa wakati mmoja, na moja ikilala gereji nyingine inaleta unga nyumbani. Bila kijana wa kuaminika, usijaribu.

La pili: Townace, Liteace au Bongo ya tani moja

Hizi ni pikapu za Toyota na Mazda, kubwa kidogo kuliko kirikuu, na ni za mtu wa mjini. Mwenye wateja wa saruji na mabati Mtwara mjini, Lindi mjini au Masasi, mizigo ya mifuko 12 hadi 20 karibu kila siku. Kwa hesabu ile ile ya Masasi hadi Mtwara, Townace ya petroli ya cc 1,800 ikitumia lita 22, inaanza kuishinda kirikuu mzigo ukivuka kilo 510. Hapo panafikika. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili, na kwa kupandisha maji uwandani hili ndilo gari dogo kabisa ninaloweza kulipendekeza kwa moyo mweupe.

Udhaifu wake ni chini. Liko karibu na ardhi, nyingi hazina 4WD, na kwenye mchanga linazama haraka kuliko kirikuu. Mazda Bongo ya dizeli inavumilia, lakini uliza lini taiming belti ilibadilishwa, na kama muuzaji hajui, hesabu kwamba haijabadilishwa.

La tatu: kenta ya tani mbili

Nimeiweka ya tatu na si ya mwisho kwa sababu ni gari la kweli. Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33, cc 4,214 za dizeli isiyo na mambo mengi ya umeme, kila fundi kuanzia Kilwa hadi Tunduru anaifungua. Inabeba magunia 25 ya korosho bila kulalamika. Ukiwa na mzigo wa kujaa mara tatu kwa wiki mwaka mzima, au chama kimekupa kazi ya kusomba kutoka ghala la kijiji kwenda ghala kuu, na mkataba uko mkononi na si mdomoni, basi panda juu, iwe ya kwanza kwako.

Usipokuwa na mzigo huo, ujue kinachokuja nayo. Tairi ni sita mara nyingi, za inchi 16. Unahitaji utingo. Uzito wake na mzigo unavuka tani 3.5, kwa hiyo tangu sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ianze kutumika hapa kwetu Machi 2019, kila mizani ya barabarani ya TANROADS ni lazima uingie, wakati kirikuu inapita tu. Kuna leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kuna bima kubwa kama umekopa. Na kenta iliyosimama nyumbani mwezi wa tatu inaumiza kuitazama kuliko nilivyodhani kabla sijamwona jirani yangu akipita kando ya yake kila asubuhi akienda kutafuta bodaboda ya kukodi.

Wengine hununua kenta Oktoba, bei ikiwa juu, wakaiuza Machi, bei ikiwa chini. Ukiamua kununua, nunua Machi.

La nne: Hilux ya mlango mmoja

Hilux ni gari la barabara mbovu, na kwa njia kama Nangurukuru hadi Liwale, zaidi ya kilomita 200 ambazo masika huzigeuza tope, nisingekwenda na kingine. Lakini inabeba tani moja tu, sawa na Townace, kwa bei ambayo iko juu mno kwa kila kilo. Toyota iliacha kuiuza Hilux sokoni Japan mwaka 2004 na kuirudisha 2017, kwa hiyo zile za bei nafuu kutoka huko ni kuukuu sana. Injini yake ya dizeli iitwayo 3L ni ya kuaminika, mradi taiming belti yake isipuuzwe.

Fikiria na spea. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, aliyekuwa anasubiri kifaa adimu kutoka Kariakoo alisubiri. Vifaa vya kirikuu na kenta vilikuwa madukani hapa hapa.

La tano: Hilux ya milango minne

Bodi fupi, bei kubwa. Ni gari la kubebea familia na wageni. Kama ni kwa kazi ya mizigo, hapana.

Siku ya kununua

Bei siandiki kwa sababu zinapanda na kushuka na dola, na gari la namba D, la usajili wa zamani, lililotunzwa linaweza kuwa jema kuliko la namba E, la usajili wa karibuni, lililobebeshwa. Anayeagiza nje aanze na kikokotoo cha kodi cha TRA kabla ya kulipa chochote. Kodi huwashangaza wengi kuliko bei ya gari.

Kwa gari la hapa hapa, nenda asubuhi bila kuaga, uikute injini baridi. Lala chini, gonga chesesi kwa bisibisi kuanzia nyuma ya kabini hadi mkia. Magari ya pwani yetu yanaliwa na chumvi, hasa yaliyobeba samaki, na kutu huanzia ndani. Sauti ikibadilika kutoka ngumu kuwa bubu, ondoka. Tazama kama kuna mshono wa kuchomelea nyuma ya kabini, na kama majani ya springi yameongezwa. Kagua namba ya gari kwenye mfumo wa faini za polisi, na jina la kwenye kadi liwe la anayeuza.

Na kenta usiijaribu tupu. Tafuta mtu anayepeleka mifuko 40 ya saruji, mwombe mwenye gari mpakie, lipa mafuta wewe, mkipande nayo kilima cha Mikindani huku mkono wako mmoja ukiwa kwenye gia na dirisha likiwa wazi ili harufu ya klachi, kama ipo, ikufikie kabla hujatoa pesa.