Uzoefu wangu na barakoa ya gesi ya kumtuliza mtoto kwa daktari wa meno

Binti yangu ana umri wa miaka 6, na magego yake mawili ya utoto yalikuwa yametoboka. Kwa kuwa alifumba kinywa kila alipoiona sindano, daktari alishauri atulizwe kwa naitrasi oksidi, ile iitwayo gesi ya kucheka, ambayo huchanganywa na oksijeni na kuvutwa kupitia barakoa ndogo inayofunika pua peke yake.

Mzazi asitarajie mtoto alale. Binti yangu alikuwa macho muda wote, akisikia anachoambiwa na kuitikia kwa kuinua kidole, ila baada ya dakika chache mabega yaliyokuwa yamekakamaa yalilegea na mkono wangu akauachia. Wala gesi hii haichukui nafasi ya ganzi. Sindano alichomwa vilevile, isipokuwa safari hii hakuishughulikia sana.

Kuhusu barakoa yenyewe, kwangu saizi ndiyo jambo kubwa. Ya kwanza aliyovishwa ilikuwa pana, hewa ikawa inavuja kuelekea machoni naye akapepesa kope mfululizo, hadi muuguzi alipoigundua kasoro hiyo na kuleta ndogo zaidi iliyokaa sawasawa juu ya pua. Barakoa isipokaa vizuri, mtoto hupata gesi pungufu na wahudumu huivuta wao, ingawa ile tuliyotumia ilikuwa na mrija wa pili unaofyonza hewa anayoitoa. Harufu ya stroberi iliyosifiwa sana sikuona faida yake, maana binti yangu alilalamika kwamba inanuka plastiki.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inategemea pua. Mwenye mafua hafaidiki, na anayelia kwa kinywa wazi pia hafaidiki, yaani yule hasa anayeihitaji zaidi. Hata wangu, alipoanza kusimulia habari zake (na anazo nyingi), utulivu ulipungua, ikabidi daktari amwombe anyamaze na kuvuta pumzi taratibu. Kwa mtoto mwenye hofu ya wastani ningeichagua tena bila kusita, lakini kwa yule anayekataa kuguswa usoni ni afadhali wazazi waulizie njia nyingine kabla ya kumkalisha kitini.

Mwishoni alivutishwa oksijeni tupu kwa dakika kama 5, akasimama na kutembea mwenyewe, bila usingizi wala kizunguzungu. Baadhi ya watoto hupata kichefuchefu au hutapika, ndiyo maana tuliagizwa ale chakula chepesi tu kabla ya kwenda. Daktari aliuliza pia kama amewahi kupasuliwa sikio au jicho siku za karibuni, na kama ana upungufu wa vitamini B12. Asipouliza, mzazi amweleze mwenyewe, kwa kuwa katika hali hizo gesi hii inaweza kuleta madhara.