Baiskeli ya mtumba ya inchi 26 kwa barabara za Nakuru: uzoefu wangu

Ukiwa na shilingi 20,000 na unataka baiskeli ya mazoezi hapa Nakuru, njia ni mbili. Utanunua mpya ya dukani, rangi inang'aa, shokabsoba mbele na nyuma, au utaenda kwa wauzaji wa mtumba ukachague iliyokwisha kutumika ng'ambo. Mimi nilichukua ya mtumba: baiskeli ya milimani ya zamani, fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, gia 21, haina shokabsoba hata moja. Muuzaji alichukua 14,000. Fundi, pamoja na spea, akachukua karibu 6,000 nyingine. Nimeiendesha kiangazi na masika, kwenye lami, kwenye murram na kwenye lile vumbi la volkano la upande wa Menengai, na nikiulizwa kama ningeinunua tena, jibu langu ni ndiyo, mradi fundi awe yuleyule.

Mimi ni mkimbiaji kwanza, wa kujifurahisha tu. Sishindani na vijana wa Iten wala Kaptagat. Baiskeli niliitaka kwa zile siku ambazo magoti yamechoka kupigwa na lami lakini mapafu bado yanadai kazi. Mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukikanyaga pedali kwa muda wa saa mbili hapa umefanya mazoezi ya maana, na kesho yake unakimbia bila kuchechemea.

Hizo mpya za dukani nilizijaribu kabla ya kuamua. Inua moja kwa mkono na utaelewa: vyuma vya springi vimeiongezea uzito, na ukisimama kwenye pedali kupanda mlima, springi ya nyuma inabonyea kila unapokanyaga, nguvu yako inaishia humo. Vidude vya kubadilishia gia ni plastiki tupu. Kwa mtoto wa kuzunguka mtaani zinatosha kabisa. Kwa mtu anayetaka kufika Njoro na kurudi, hapana.

Kwa muuzaji wa mtumba usikimbilie rangi. Kuna sehemu moja niliyoikagua kwa muda mrefu kuliko zote: chini ya bomba linalotoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali, pale karibu na kichwa cha fremu. Pitisha kidole taratibu. Ukihisi bonde dogo au mkunjo, au ukiona rangi imepasuka kama matope yaliyokauka, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele na fremu yake imekwisha. Iache hata ukiuziwa nusu bei. Kisha shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma, usikilize kama kuna kitu kinagonga. Shika mikono ya pedali, itikise kushoto na kulia. Zungusha gurudumu na uangalie kama rimu inayumba kati ya raba za breki. Mwisho, legeza nati ya kiti na ujaribu kukipandisha. Bomba la kiti lililogandia kwa kutu ni balaa, kwani usipoweza kukipandisha kiti hadi kimo chako, magoti yatakuuma hata baiskeli iwe nzuri namna gani. Yangu ilipita kila kitu isipokuwa pedali, zilikuwa zinacheza. Niliambiwa imefanyiwa sevisi. Fundi alipoifungua, gololi zilikuwa kavu, grisi imegeuka unga wa kahawia.

Sasa suala la matairi, na hapa naomba msomaji atulie maana ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Inchi 26 si saizi moja. Tairi iliyoandikwa 26 x 1.95, kwa nukta, ni ya rimu ya milimita 559, na hiyo ndiyo ya baiskeli za milimani. Ile iliyoandikwa 26 x 1 3/8, kwa sehemu, ni ya milimita 590, haiingii kwenye rimu ya kwanza hata uombe. Hata 28 nayo ina ndugu zake: Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo, inavaa 28 x 1 1/2, ambayo ni milimita 635, ilhali baiskeli nyembamba za lami na zile za katikati ya lami na milimani zinazoletwa kwenye mtumba zinavaa 700C, ambayo ni 622. Ukinunua baiskeli ya 700C ukidhani tairi za Mamba zitakusaidia, umejifunga. Tarakimu hizo za milimita huwa zimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 50-559. Zisome kabla hujatoa pesa. Mimi nilichagua 559 makusudi, kwa kuwa zile baiskeli mpya za bei nafuu nilizozikataa karibu zote zinatumia saizi hiyohiyo. Maana yake kila duka la spea mjini lina tairi yangu, tyubu yangu, cheni yangu na hata gia zangu za nyuma za kukazwa kwa kuzungushwa kama nati. Baiskeli za dukani ndizo zinazoilisha ya mtumba.

Vali pia iangalie. Yangu ni ya aina ya gari na pikipiki, kwa hiyo najaza upepo kituo chochote cha mafuta. Baiskeli nyingi za lami zinakuja na vali nyembamba yenye kichwa cha kufungua, na hiyo bila adapta utarudi nyumbani ukiisukuma.

Fundi wangu yuko upande wa Bondeni, mzee aliyeanza kazi enzi za Mamba tupu. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akaichokonoa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, chuma kiko sawa. Ni hizi ndogo ndogo zimechoka." Nikamwambia, "Basi mzee, tubadilishe ndogo ndogo." Akafungua ekseli ya pedali, akaosha vikombe kwa mafuta ya taa, akatia gololi mpya na grisi hadi ikafurika pembeni. Rimu ya nyuma aliinyoosha kwa macho na kipande cha chaki: gurudumu linazunguka, chaki inagusa pale palipotoka nje, anakaza spoki ya upande huu robo mzunguko, analegeza ya upande ule, anazungusha tena. Hana haraka. Alipomaliza, chaki ilikuwa inachora mstari mmoja mwembamba pande zote.

Cheni alinionyesha jinsi ya kuipima mwenyewe. Chukua futi ya fundi nguo, hesabu pingili 24 kutoka pini hadi pini. Cheni mpya inatoa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ibadilishe haraka, la sivyo itakula meno ya gia na utanunua vyote viwili. Cheni ni rahisi, gia zake si rahisi. Tangu hapo naipima kila nikiisafisha, na kuisafisha ni lazima kwa sababu vumbi letu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa.

Hapa ndipo baiskeli inapoachana na viatu vya kukimbilia. Viatu vya mtumba sivinunui, hata vikiwa na sura ya upya. Povu la soli likishalala limelala, na hakuna fundi wa kuliamsha. Utavivaa wiki moja na kisigino kitakusimulia. Helmeti ni hivyohivyo. Povu lake limetengenezwa lipondeke mara moja tu ili kichwa chako kisipondeke, na kwa nje huwezi kujua kama liliwahi kugonga. Helmeti na viatu ninanunua vipya. Chuma, gololi, nyaya na cheni vinabadilishwa kimoja kimoja hadi unabaki na baiskeli nzima.

Barabarani sasa. Ukingo wa Menengai uko mita 2,278, kwa hiyo kutoka mjini unapanda zaidi ya mita 400, na kipande cha mwisho ni vumbi na mawe mepesi yanayokwepa chini ya tairi. Gia yangu ndogo kabisa ina meno 28 mbele na 28 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, karibu mita 2 tu, na ndicho unachokihitaji pale. Kwa gia hiyo napanda nikiwa nimekaa, mgongo umeinama, uzito nyuma. Ukisimama, gurudumu la nyuma linakosa mshiko na linachimba palepale. Upepo wa tairi naushusha hadi kama psi 35 kabla ya kupanda, na kwa lami narudisha 55. Tofauti ni kubwa. Kwa 55 kwenye mawe yale nilikuwa narushwarushwa, kwa 35 tairi inalala juu ya jiwe na kulikumbatia. Beba pesa ya langoni na maji mengi. Ukifika juu, kasoko lile la kilomita kama 12 kwa 8 liko miguuni pako, na mvuke wa visima vya jotoardhi unapanda kutoka chini. Nakaa pale muda mrefu kila mara. Sijawahi kulizoea.

Kushuka ndiko kulikonionyesha udhaifu wake mkubwa. Breki zake ni zile za zamani za waya unaovutwa katikati, na kwa raba zilizokuja nazo zilikuwa za kupunguza mwendo tu, kusimama ilikuwa bahati. Nilibadilisha raba zote nne na nyaya zote mbili. Sasa zinashika vizuri kukiwa kukavu. Mvua ikinyesha inabidi uanze kubana mapema, uifute rimu kwanza kwa kubana kidogo kidogo, ndipo ubane kweli. Mtu anayependa kushuka kwa kasi aitafute yenye breki za V, zipo kwenye mtumba na hazizidi bei sana.

Barabara ya Njoro naipenda kwa siku za mwendo mrefu. Unapanda polepole kwenda, miguu inapata kazi ya kudumu, halafu unarudi mjini mteremko. Tairi zenye meno zinanguruma kwenye lami na zinakupunguzia mwendo, hilo lazima niseme. Rafiki yangu mwenye 700C ananiacha kila tukiingia lami, na mimi namsubiri kila tukiingia murram. Upande wa Bahati nao ni mzuri, mashamba na vilima vifupi vya kukimbiza moyo. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret siigusi. Malori ya kwenda Uganda yanapita na upepo wake unakuvuta, na matatu haitakupa nafasi. Hata uwe na taa na reflekta za kila aina, si mahali pa kufanyia mazoezi.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru huingii na baiskeli siku za kawaida, isipokuwa kwenye matukio maalumu kama Cycle with the Rhino. Hell's Gate, kule Naivasha, ambako bado ni kaunti yetu, baiskeli inaruhusiwa, na pundamilia wanakula nyasi hatua chache kutoka kwako. Yangu niliipandisha juu ya keria ya matatu, nikailipia kama mzigo. Za kukodi zipo langoni, ila kwenye mchanga ule nilifurahi kuwa juu ya kiti ninachokijua, na tairi pana ya 1.95 ilipita mahali ambapo nyembamba zilikuwa zinasukumwa kwa mkono.

Ubaya mwingine nautaja upesi. Ni nzito kiasi, kama kilo 14, ingawa Mamba inapita 20. Chuma kinataka kukaushwa baada ya mvua, na mafuta kidogo ndani ya bomba la kiti, la sivyo kutu inaanza kimyakimya. Kiti kilichokuja nacho nilikigawa. Vishikio vya gia vya kidole gumba vinaonekana vya kizamani, lakini hivyo ndivyo nisivyotaka kuvibadilisha: ni chuma, vinafunguka, na gia ikihama unairudisha kwa kusogeza kidole unywele mmoja.

Asiyekuwa na fundi mzuri karibu, au asiyependa kushika spana mwenyewe, bora aongeze pesa anunue mpya ya daraja la juu kidogo isiyo na springi nyuma. Mwenye fundi, mtumba. Tenga theluthi ya bajeti kwa ajili ya fundi na spea tangu mwanzo, usiimalize yote kwa muuzaji. Kwa upande wangu, kazi iliyobaki ni rimu ya nyuma. Raba za breki zimeila kutoka pande zote mbili hadi ubavu umeingia ndani, unauhisi ukipitisha ukucha. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ina matundu 36, na rimu ya alumini ya matundu hayo mzee amesema ataipata mwisho wa mwezi, spoki za urefu wake anazo tayari kwenye kopo.