Meerlust Rubicon: usiinywe na joto la Tanga

Haya, karibuni tena. Leo tupo barazani, Raskazone, na huo mnaousikia kwenye maikrofoni ni upepo wa bahari, mniwie radhi. Chupa yenyewe ndiyo hii mliyonisumbua nayo wiki mbili: Meerlust Rubicon, mvinyo mwekundu kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini. Chini ya miaka 18 tukutane kwenye video za mapishi.

Zabibu zake mnazijua, Cabernet Sauvignon, Merlot na wenzao, sipotezi muda hapo. Bei ndiyo iliyonikera. Kwa hela hii nabeba chupa nne za mvinyo wa Dodoma na nauli inabaki.

Sasa tazameni hapa, maana ndiyo sababu ya video nzima. Glasi ya kushoto nimeimimina chupa ikitoka kabatini. Sogeza kamera, waone kipimajoto: nyuzi 30. Nanusa... pombe tupu, inapanda mpaka machoni. Matunda siyasikii kabisa. Kisha chupa ileile nikaizamisha kwenye ndoo ya maji na barafu, dakika 15. Glasi ya kulia: 17. Nanusa tena. Jamani! Zambarau zilizoiva hizo, na kwa nyuma harufu ya ubao, ya yale mapipa ya mwaloni. Mvinyo mmoja, chupa moja! Mnaambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba walichokuwa wakisema wao ni cha Ulaya, si cha Ngamiani saa nane mchana. Kuna duka hapa mjini nimekuta chupa zimepangwa dirishani, jua linaziwakia. Niliumia. Mvinyo huo unapikwa kabla hujaulipia.

Onja sasa. Ni mzito, unajaza kinywa, halafu unakuja ukakasi. Umeshatafuna bibo ambalo halijaiva vizuri? Ulimi unavyokauka? Ndio huo, tanini, ila huu umekaa kistaarabu. Chukua mshikaki, huu wenye kipande cha mafuta, tafuna, kunywa tena. Umelainika! Tanini hushikana na protini, hata za mate; ikiikuta nyama, inayaacha mate yako. Wanaouliza kuhusu changu wa kupaka: hapana, samaki na mvinyo huu vinaacha ladha ya chuma mdomoni.

Shamba lenyewe ni la zamani hasa. Mjerumani Henning Hüsing alipewa ardhi ile mwaka 1693, akaiita Meerlust, Kiholanzi hicho, raha ya bahari. Bahari iko kilomita 5 hivi, ghuba ya False Bay, na upepo wake unapoza mizabibu mchana kama huu unavyonipoza mimi hapa. Ukoo wa Myburgh umelishika tangu 1756, sasa ni kizazi cha 8. Na tuseme ukweli, mashamba ya Cape, upande huo wa Stellenbosch, yalisimama kwa jasho la watumwa, wengine wakitoka Madagascar na Msumbiji, hadi sheria ilipofuta utumwa kule mwaka 1834. Sisi wa pwani hii hatuwezi kuitazama nyumba nyeupe ya shamba bila kuwakumbuka.

Rubicon ilianza na mavuno ya 1980. Nico Myburgh alirudi kutoka Bordeaux, Ufaransa, akiamini udongo wake unaweza kutoa mchanganyiko wa zabibu kama wa kule. Jina ni la mto aliouvuka Julius Kaisari, jemadari wa Roma, ukishavuka hakuna kurudi. Na hapa ndipo bei inapoanza kunielea: mwaka 2002 na 2011 mavuno hayakuwaridhisha, Rubicon haikutoka kabisa, wakauza kwa jina la Meerlust Red. Nani mwingine anakubali hasara hiyo?

Ngoja, imekaa kwenye jagi nusu saa, ninuse tena. Aisee, imefunguka zaidi, kuna kitu kama tumbaku kavu. Basi, kwa harusi au siku ya kumshukuru mzee, inunue. Kwa Ijumaa ya kawaida, Dodoma.

Na hiyo Dodoma tunaifungua Jumapili, ndoo hiihii, kipimajoto hikihiki, kwa hiyo bonyeza kengele. Mshikaki huu wa mwisho ni wa mpiga picha wangu, amesimama tangu saa kumi. Njoo, ndugu yangu, na glasi yako ni ya kulia.