Rangi ya kopo kwenye tembe la sukari, uzoefu wangu

Wazazi wenzangu, kama mwanao kaambiwa apeleke shule mfano wa nyumba na mkaamua kuijenga kwa sukari ya vipande, tafadhali msiipake rangi ya maji. Naanza na hilo kabisa kwa sababu kuna mtoto alilia hapa kwangu Jumamosi usiku na sitaki wa kwako alie.

Binti yangu yupo darasa la nne hapa Dodoma mjini. Mwalimu alisema kila mtoto atengeneze nyumba ya asili, kabila lolote, yeye akachagua tembe la Kigogo maana bibi yake yuko Chamwino na kule ameshaingia kwenye tembe akaona zizi la ng'ombe lilivyo katikati ya uwanja. Wenzake walikuwa wanatumia udongo na maboksi, ila yeye siku tupo dukani akashika boksi la sukari akaniambia mama hizi si kama tofali. Na kweli, tembe halina duara wala mgongo wa paa, ni kuta zilizonyooka na paa bapa, yani kipande cha pembe nne kinakaa chenyewe, ungejenga msonge ungehangaika sana. Tulichukua boksi mbili za nusu kilo, tukagundisha kwa supa gluu juu ya plaiwudi, pande nne zinazunguka uwanja, jioni kuta zikawa zimesimama vizuri mno.

Sasa rangi. Nilikuwa na rangi za maji za watoto, zile za vidonge na brashi, tukachanganya kahawia tukaanza ukuta wa nyuma. Dakika chache tu ukaanza kulegea, rangi inashuka chini na sukari inashuka nayo, pembe moja ikabomoka kabisa tukiwa tunaangalia. Nikajaribu rangi ya chakula matone machache tu, nayo hivyo hivyo, inaingia ndani mabaka mabaka na kipande kinakuwa kama kimelowa uji. Mtoto akaanza kulia, na mi nilikuwa nimechoka, tukalala.

Asubuhi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi huku Majengo, namshukuru sana kijana niliyemkuta. Nilimwambia shida yangu akaniambia, "Mama, hapo adui ni maji. Chukua rangi ya mafuta, au hii ya kupuliza, humo hamna maji." Jibu fupi ila ndilo lililotuokoa. Sukari inayeyuka kwenye maji, kwenye thina na mafuta haiyeyuki. Baadaye nilimsomea binti yangu kwamba vipande hivi alivibuni Jakub Kryštof Rad, akapewa hataza yake mwaka 1843, kwenye mji wa Dačice ambao sa hivi uko Jamhuri ya Cheki, na namna yake ilikuwa kulowesha sukari kidogo, kuishindilia kwenye kalibu, halafu kuikausha. Akaelewa hapo hapo, akasema kumbe kinachoshika punje ni ule ukavu, maji yakirudi zinaachiana.

Kopo nililonunua ni la kahawia isiyong'aa, elfu saba. Nalisifia kwa moyo wote. Tulitoka nje uani, nikamfunga mtoto kitambaa puani, tukapuliza kwa mbali kama urefu wa mkono, safu nyepesi, tunasubiri kama nusu saa, tunarudia. Safu tatu zilitosha na hakuna kipande hata kimoja kilicholegea. Ubaya wake ni harufu, hiyo haifai ndani ya nyumba kabisa, na upepo wetu huu wa Dodoma unabeba nusu ya rangi, ikabidi nizungushe kadibodi pande tatu. Pia ukikaa karibu sana inatiririka na kuacha michirizi. Mdomo wa kopo nao uliziba mara mbili, nikaufuta kwa kitambaa chenye thina ukaendelea.

Bibi alipotumiwa picha akapiga simu. Akasema, "Mjukuu wangu, tembe si la tofali, ni miti na udongo, hiyo mistari inatoka wapi?" Alikuwa sahihi, mistari ya vipande ilionekana wazi. Basi tukachekecha udongo mkavu wa hapa hapa nje, safu ya mwisho ya rangi ikiwa bado mbichi tukaunyunyiza juu ya kuta, ulipokauka tukakung'uta uliozidi. Jamani, ukawa ukuta wa tembe kabisa, ile kahawia ya mavumbi unayoiona ukitoka mjini. Paa tulilaza vijiti vya mishikaki, juu kadibodi, juu tena rangi na udongo. Na hapo ndipo alipomuuliza bibi kwa nini paa liko bapa, akajibiwa huku mvua ni chache, paa la udongo linavumilia.

Kuhusu sisimizi, wanakuja tu hata ukipaka rangi, kwa sababu sehemu za chini na ndani ya kuta rangi haifiki vizuri. Mi niliweka plaiwudi juu ya stuli na miguu ya stuli nikaitumbukiza kwenye makopo yenye maji, usiku kucha hakupanda hata mmoja. Ukiwa na mdogo wake nyumbani mweke mbali kabisa, wa kwangu wa miaka mitatu anajua ile ni sukari, na ikishapakwa rangi hiyo ni sumu.

Kopo moja lilitosha tembe lote na limebaki kama robo. Ukitaka bei nafuu zaidi, rangi ya mafuta ya kopo dogo na brashi laini inafanya kazi pia, nilijaribu kwenye vipande vitatu vilivyobaki, ila inachukua mpaka kesho yake kukauka, na brashi inavuta punje usipokuwa mwepesi wa mkono. Kwa hiyo kama kazi inatakiwa Jumanne kama yetu, nunua ya kupuliza.