Fundi wa mashine za mitumbwi, Igombe: kazi yake na yale yanayosemwa juu yake

Wenye mitumbwi wenzangu wa Igombe, Kayenze na Kirumba, hapa Mwanza, najua wengi mmeambiwa msimpelekee mashine kijana huyu. Hata mimi niliambiwa. Jina lake silitaji, ila mnamjua: ni yule aliyerudi kutoka Msumbiji, kwa wale wapiganaji.

Mashine yangu ni Yamaha ya nguvu farasi 15. Mwezi uliopita, siku za giza ambazo mbalamwezi haipo na dagaa huvuliwa kwa taa, tukiwa tumeshapakia dagaa nusu mtumbwi mbele ya Kayenze, ilichemka ikazima. Tulipiga kasia watu watano mpaka kukapambazuka, na dagaa wote wakaharibika. Fundi wangu wa zamani nilikuwa nimeshamlipa mara mbili kwa ugonjwa huohuo. Mara ya kwanza alibadilisha plagi, mara ya pili akasema tatizo ni kabureta.

Huyu kijana hakugusa plagi. Alitumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji, akavuta kamba, akakinga kiganja kwenye kile kitundu cha nyuma. Yalitoka matone tu. "Mzee, haipigi maji," akasema, akazima. Akafungua mguu, akatoa impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini, akaniwekea mkononi. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika kwa kuliwa na mchanga. Mafundi ninaowajua wangeweka mpya palepale na kunidai. Yeye alichukua waya akaanza kutafuta vile vipande viwili vya mpira kwenye njia ya maji. Kimoja alikipata upesi. Cha pili kilikuwa kimepanda juu, ikabidi afungue kichwa cha injini. Vyote viwili akavipachika kwenye impela ya zamani kuona kama vinatimia, na vilipotimia ndipo akaanza kufunga. "Ningekiacha humo, mzee, ingekufia tena majini."

Ni wakati anachokoa na ule waya ndipo nilimwuliza kama kule alishika bunduki. Hakuacha kazi. Alisema hapana, alikwenda Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kwa kuahidiwa kazi ya mashine za boti, akajua anawafanyia wapiganaji akiwa ameshafika, na bado akazitengeneza. "Boti zile zilibeba watu wa kwenda kuua, mzee. Hilo silikatai." Alitoroka, akajipeleka polisi mwenyewe, akakaa mahabusu mpaka kesi yake ilipoisha, akarudi kwa mama yake.

Jambo hili kwangu si jepesi. Mke wangu ni mtu wa Mtwara. Oktoba 2020 wapiganaji wa kule walipovuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba, tulikaa siku nzima tunapiga simu za ndugu na hazipokelewi. Kwa hiyo msidhani namtetea kijana kwa kuwa mimi sijaumia.

Lakini pale mwaloni vijana wanasema watu wa namna hii wangefungiwa mlango hukohuko waliko, kama Uingereza ilivyomfanya Shamima Begum, yule binti aliyetoka London mwaka 2015 akiwa na miaka 15 kwenda Syria kwa wapiganaji wa Dola la Kiislamu, na mwaka 2019 akavuliwa uraia. Mimi siliungi mkono. Waingereza walidai anaweza kuwa raia wa Bangladesh kwa sababu ya wazazi wake, na Bangladesh ikasema haimtaki. Basi akabaki kambini huko Syria, akilindwa na watu wasiomzaa wala kumlea. Ni kumtupia jirani takataka za nyumbani kwako. Na kama ana damu mikononi, wenye msiba wao watamsikia wapi akijibu?

Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kutoka nchini na kuingia. Haisemi raia mwema tu. Kenya nao, Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa Garissa, waliwatangazia vijana waliojiunga na Al-Shabaab wajisalimishe na wasamehewe. Msamaha wa jumla namna ile mimi naupinga, maana aliyeua ni lazima ahukumiwe. Ila arudi, asimame kizimbani kwao, shahidi amwone uso. Akimaliza hukumu yake, au mahakama ikimwachia, tumpe kazi. Mtu aliyerudi na hana wa kumpa hata mashine ya kufungua, wale waliomdanganya mara ya kwanza bado wana namba yake ya simu.

Turudi kwenye kazi yake. Ufundi alinidai shilingi 30,000, impela nikanunua mwenyewe mjini baada ya yeye kuniandikia namba ya impela hiyo kwenye karatasi. Hakupokea hela mpaka tulipozunguka ziwani karibu nusu saa. Kasoro zipo: yuko peke yake, kwa hiyo unaweza kusubiri siku tatu, risiti hana, na akiahidi asubuhi, jua kwamba ni mchana. Kuchomelea hafanyi.

Tangu hapo nimevua giza zima, maji yanatoka kwa nguvu kama ya bomba. Mke wangu bado hataki aingie uani kwetu, na simlazimishi. Mashine yangu ya pili, ya 9.9, nitambebea mwenyewe Jumatatu hadi kibandani kwake.