Samadi ya jumla ya nyasi hapa Malindi: "Mavi ni mavi," naambiwa

"Mavi ni mavi, mama. Unataka mavi yenye cheti?" Hayo ndiyo majibu ya msimamizi wa yadi moja ng'ambo ya daraja la Sabaki, tipa ya samadi ya mbuzi ikiwa imeshamwaga na pesa zimeshaingia kwenye simu yake. Kosa langu kwake lilikuwa kumwonyesha chupa.

Ndiyo bwana, nataka yenye cheti. KEBS, shirika la viwango la Kenya, wana kiwango cha mbolea hai, na Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa samadi". Halafu nchi hii hii mwaka 2024 ilipiga kelele miezi mizima juu ya magunia ya mbolea feki, hadi waziri akapigiwa kura ya kung'olewa Bungeni. Kumbe huku kwetu bado mtu akiuliza anachonunua anaonekana ana kiburi.

Turudi kwenye chupa, maana hicho ndicho kipimo ambacho kila anayenunua samadi kwa tipa anapaswa kwenda nacho. Chupa ya plastiki ya lita moja, inayoonyesha ndani. Chota samadi mahali patatu: juu ya fungu, katikati, na chini kabisa, ile iliyokuwa imelala sakafuni mwa tipa. Changanya, jaza robo ya chupa, ongeza maji hadi shingoni, tikisa dakika moja, iweke chini. Mchanga unazama papo hapo. Matope yanafuata polepole. Samadi yenyewe inaelea au inabaki imesambaa majini. Samadi ya zizi lolote la udongo huacha mchanga kidogo chini, na huo nauvumilia, kwani mbuzi hawalali juu ya vigae. Wa mzigo huu ulifika theluthi nzima ya kile nilichotia. Na si mchanga tu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kombe, vyembamba, vyeupe, kimoja bado kina mistari yake. Nikavitoa nikavidondoshea ndimu, vikatoa povu.

Mzigo, kwa maneno ya yadi, umetoka Hola, kule ndani Tana River, mbali na bahari. Hola na kombe za bahari wapi na wapi!

Hesabu yake ni nyepesi. Ukilipia tipa nzima na theluthi moja ikawa mchanga, kila kilo ya samadi uliyopata imepanda bei kwa nusu. Ule unafuu wa kununua jumla, ambao ndio uliokutoa dukani kwenye magunia ya kilo hamsini, umekwisha hapo hapo, na bado hujalipa vijana wa kubeba.

Niwe mkweli: mchanga peke yake si sumu kwa nyasi. Wanaosawazisha uwanja wenye mabonde huchanganya mchanga na mboji makusudi, na mchanga huwa ndio mwingi. Yadi ingesema "huu ni mchanganyiko wa kusawazisha" na kuutoza bei ya mchanganyiko, nisingekuwa na neno. Tatizo ni mawili. La kwanza, ardhi ya Malindi kuanzia Casuarina hadi Mayungu tayari ni mchanga juu ya matumbawe. Anayetafuta samadi anatafuta kitu cha kushika maji, hakosi mchanga. La pili, na ndilo lililonipandisha damu, mchanga wenye kombe ni wa ufuoni, na wa ufuoni una chumvi. Visima vingi karibu na bahari maji yake yameshakolea chumvi. Ongeza na ya kwenye mbolea uone ncha za majani zinavyokauka, kwanza manjano halafu kahawia, na mwenye nyumba anakupigia simu kukuuliza kwa nini humwagilii.

Nyasi za paspalum zitastahimili. Nyasi za Pemba, zile za jani pana tulizozoea chini ya minazi, zinavumilia kiasi. Nyasi za kikuyu zilizoletwa kutoka bara na mtu aliyependa bustani ya Nairobi, hizo kwa chumvi haziifikii paspalum. Ukishamwaga na ukagundua umechelewa, dawa ni kuosha: lita 25 za maji matamu kwa kila mita ya mraba, polepole, yapenye chini ya mizizi. Kwa mita mia moja za mraba hizo ni lita 2,500. Maji ya bomba, yale ya kutoka Baricho, si ya kisima. Nani analipa hayo maji? Si yule wa "mavi ni mavi".

Na hapo bado sijafika kwenye mathenge, ule mti wa miba.

Samadi ya mbuzi ya Tana River na Garissa, hata ikiwa safi bila chembe ya mchanga, ina mgeni wake. Mbuzi wanakula maganda matamu ya mathenge, mbegu zinapita tumboni nzima, na zikitoka huko ndiyo kwanza zimekuwa tayari kuota. Wiki chache baada ya mvua unaona vijiti vya kijani katikati ya nyasi, vizuri tu, majani madogo madogo. Ukivikata kwa mashine vinachipua tena kutoka shinani, kila kimoja na miba inayotoboa kandambili. Ving'oe vikiwa urefu wa kidole, na mzizi wote, udongo ukiwa umelowa. Watu wa Baringo walishaipeleka serikali mahakamani kwa sababu ya mti huu, tena na mbuzi aliyepoteza meno kama ushahidi, kwa hiyo msidhani natia chumvi.

Kinachoua mbegu hizo ni joto, na joto linatokana na kuozesha kwa utaratibu, si kuacha fungu juani miezi mitatu ukaliita "iliyoiva". Fungu liwe na kimo cha mita moja na nusu hivi, lenye unyevu wa kufinyanga mkononi bila kudondosha maji, lifunikwe kwa turubai au makuti, lipinduliwe nje ikaingia ndani. Ndani lifike nyuzi 55 na kupanda, likae hivyo siku 15, likipinduliwa angalau mara tano katika siku hizo, ndipo kila sehemu ipate zamu yake katikati. Huna kipimajoto? Chomeka nondo hadi katikati, subiri dakika kumi, ichomoe uishike. Ukiweza kuishika kwa raha, joto halijatosha na mbegu zimelala salama. Punje za mbuzi zinahitaji kulowekwa kwanza, la sivyo zinakaa ngumu hadi kaskazi inakwisha.

Nilimuuliza msimamizi fungu lao linapinduliwa mara ngapi. Akacheka. Ati jua la Malindi linatosha. Jua linakausha ngozi ya juu ya fungu, bwana, ndani pamelala baridi, na ndimo chonga anamotagia. Wenye minazi wananielewa. Yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi anazaliana kwenye mafungu ya samadi kama haya, na ukikuta mabuu manene meupe yaliyojikunja, usiyamwage bustanini pamoja na mbolea. Wape kuku.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni kwamba yadi hiyo hiyo ina mbolea ya kuku nzuri kuliko zote nilizoshika mwambao huu. Laiti ingekuwa mbaya, maandishi haya yangekuwa mafupi. Mzigo wa mwanzo, kabla ya huu wa kombe, ulikuwa wa kuku: mweusi, unamumunyika, una harufu ya udongo baada ya mvua, hauna ule ukali wa amonia unaopanda puani. Maranda yake yalikuwa yameshaoza. Hilo ni muhimu, kwa sababu maranda mabichi yanaponyonya naitrojeni ili yaoze, nyasi ndizo zinazopauka. Niliweka kiasi kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga, nikaufungua baada ya siku kadhaa. Bado harufu ya udongo. Mbolea mbichi ingetoa uvundo wa kukimbiza watu. Mchicha niliousia kwenye mchanganyiko wa nusu kwa nusu na udongo uliota wote bila kusinyaa. Kwa bei yao, karibu nusu ya ile ya dukani kwa kilo, ilikuwa nyota tano na asante juu.

Kwa wanaotaka kiasi: mbolea ya kuku iliyoiva yenye naitrojeni ya asilimia tatu hivi, kilo 16 kwa mita mia moja za mraba zinakupa karibu gramu tano za naitrojeni kwa kila mita, na hiyo ni dozi moja ya kawaida. Usiweke zaidi ya hapo kwa pamoja. Mchanga wetu haushiki kitu. Masika ikikoleza, unachozidisha leo kinateremka chini kesho. Afadhali kidogo kila baada ya wiki sita hadi nane mvua zikiwepo, na kiangazi upumzike.

Mboji ya samadi ya mbuzi au ya ng'ombe hesabu yake ni nyingine, hiyo ni ya kutandaza. Kata nyasi ziwe fupi, zireki, zitoboe kwa uma pale palipokanyagwa sana, kisha tandaza robo inchi. Kwa mita mia za mraba ni lita 635 hivi, yaani wilibaro kumi na nusu hivi za lita sitini. Chekecha kwanza kwa waya wa nusu inchi; mimi nimetoa humo misumari, vifuniko vya soda na kipande cha nyaya ambacho kingekula kisu cha mashine. Ukimaliza, pitisha fagio la njukuti kwenda na kurudi mpaka ncha za nyasi zionekane. Zisipoonekana umezizika. Mwagilia siku hiyo hiyo. Na yeyote anayekuambia ameongezea jivu "kwa nguvu", mkatalie. Jivu ni zuri kwenye udongo wenye asidi; juu ya matumbawe unazidi kuufungia mmea madini ya chuma, na majani yanabaki ya manjano hata ukiyamwagia mbolea ya dunia nzima. (Wenzetu wa Lamu, samadi ya punda mnayo mlangoni, lakini tumbo la punda halisagi mbegu kama la ng'ombe. Nondo inawahusu na nyie.)

Dereva wa tipa lazima nimtaje kwa wema. Kijana mwenye adabu, alishuka, akaangalia chupa, akaangalia kombe mkononi mwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wakikuletea tena, panda juu ya tipa uchimbe mpaka sakafuni kabla sijainua." Halafu akageuka kuangalia barabara. Kwa sababu yake nilitaka kuongeza nyota. Kisha nikampigia tena msimamizi kwa upole kabisa, nikamwambia sidai pesa zote, nadai theluthi, na mchanga wake aje auchukue. Akaniuliza kama hata mchele huwa nautikisa kwenye chupa.

Basi, nyota moja.

Je, nitanunua tena pale? Ya kuku, nadhani ndiyo, na inanichoma kuandika hivyo. Hakuna mwingine karibu anayeiivisha vile kwa bei ile, na usafiri kutoka Mtwapa unakula faida yote. Lakini ni kwa masharti: kupima kabla tipa haijainuliwa, kulipa nusu kwanza na nusu baada ya chupa kutulia, na risiti iliyoandikwa uzito au ujazo na aina ya samadi, si "mzigo 1" kama niliyopewa. Msinunue baada ya mvua, kwani mnalipia maji. Finya konzi, ikidondosha, ngojea ikauke. Ya mbuzi ya yadi ile sinunui hata wakinipa mkopo. Au pengine nyota mbili, kwa ajili ya kuku na dereva. Hapana, iwe moja. Theluthi yangu, nilipouliza mara ya mwisho, "inashughulikiwa".